Tope la trekta liishie nje: mwongozo kamili wa kulinda sakafu ya gereji

Wakuu, hii ni kwa wenye gereji za trekta, kwa wanaotengenezea trekta zao nyumbani chini ya banda, na hata kwa yule mwenye pawa tila moja, maana tope halichagui. Mi niko Ifakara, bonde la Kilombero. Kama hujawahi kufika huku msimu wa mpunga, fikiria udongo wa mfinyanzi mweusi, unanata kama ugali ambao haujaiva, trekta inatoka kuvuruga majaruba (kukoroga tope kwenye vitalu vya mpunga), kashata za tairi, yale meno yake, hazionekani kabisa, tairi lote limekuwa donge moja la tope, afu dereva anaiingiza moja kwa moja mpaka katikati ya sakafu anazima, anashuka, "fundi, haidroliki hainyanyui". Ukija kugeuka unaona ameacha mistari miwili minene kuanzia getini.

Nilikuwa nahangaika na fagio miaka mingi. Kilichonibadilisha ni trekta moja ya mteja tuliyokuwa tumeifungua giaboksi juu. Matairi tuliosha vizuri kabisa, tukajiona wajanja. Kumbe chini ya madigadi kulikuwa na tope limeganda, hakuna aliyeinama kuangalia. Siku ya pili likakauka, likachomoka bonge zima kama tofali, likadondokea ndani ya giaboksi iliyo wazi. Tulikaa siku mbili tunaosha gia kwa dizeli na brashi ya kupaka rangi, na kijana wangu nilishamfokea kwamba hafagii vizuri, kumbe ufagio haukuhusika hata kidogo. Toka siku hiyo nimeelewa kwamba sakafu ya gereji inasafishwa nje, tena mbali na mlango. Ufagio ni wa kumalizia tu.

Na sio suala la usafi wa kuonekana. Jeki kwenye tope inateleza, hilo peke yake linatosha. Nati zinapotea. Likikauka likakanyagwa linakuwa vumbi, na punje ya mfinyanzi ni chini ya milimita 0.002, wakati ndani ya pampu ya nozeli, ile inayosukuma dizeli kwenye injini, nafasi kati ya planja (kipande kinachosukuma) na silinda yake ni maikroni chache tu, na maikroni moja ni milimita 0.001. Kwa hiyo vumbi la tope la juzi linaweza kuwa ndo ugonjwa wa pampu uliyoifunga leo.

Sasa twende hatua kwa hatua, nimepanga kufuata njia trekta inavyokuja, toka shambani mpaka chini ya taa yako.

1. Shambani kwanza

Tope la bure kuliko yote ni lile linalobaki shambani. Mwambie dereva kabla hajaingia barabarani asimame sehemu kavu, anyanyue jembe, akwangue. Chombo kizuri ni ubao mgumu uliochongwa ncha bapa, au koleo la zamani lililokatwa mpini. Sio panga, nimeona watu wanachana ukuta wa tairi kwa panga, na tairi la trekta unajua bei yake. Akwangue kati ya kashata, ndani ya rimu, chini ya madigadi, na juu ya ekseli ya nyuma pale kwenye kona za mikono ya haidroliki. Dakika kumi tu. Tope bichi linatoka kirahisi, likishakauka njiani ni kazi nyingine.

Tena kuna faida yake mwenyewe mkulima, tope linabeba mbegu za mpunga mwitu na viazi vya ndago toka shamba hili kwenda lile. Ukimwambia hivo anakusikia haraka kuliko ukimwambia habari za sakafu yako.

Kama anatumia yale magurudumu ya chuma ya kuvurugia, yavuliwe hukohuko. Yasikanyage zege lako hata siku moja, yatalikata.

2. Njia ya kuingilia, hapa ndo pesa yako iende

Ukiniuliza nina hela ya kitu kimoja tu nifanye nini, nitakwambia njia ya mawe. Hesabu yake ni hii: tairi la nyuma la trekta za kawaida huku, mfano 18.4-30, mzunguko wake mmoja ni karibu mita 5. Maana yake ukiweka mawe mita 3 kuna sehemu ya tairi haijagusa jiwe kabisa, inaingia na tope lake salama. Kwa hiyo mita 5 ni kiwango cha chini, mita 10 tairi linazunguka mara mbili, hapo ndo utaona tofauti. Upana mita 3 na nusu unatosha.

Chimba kina cha sentimita 30. Usimwage mawe moja kwa moja juu ya mfinyanzi, yatazama, masika moja tu hutayaona tena na utasema mwongozo huu ni wa uongo. Tandika kwanza viroba vya salfeti, vile vya plastiki, vipasue viwe shuka, vipandane kama sentimita 30 kila kimoja na mwenzake. Kazi yake ni kuzuia udongo usipande na mawe yasishuke. Juu ya hapo mawe makubwa ya ngumi mbili, sentimita 20, shindilia kwa kuipitisha trekta yenyewe mara nyingi. Afu juu kokoto sentimita 10. Kwa njia ya mita 10 hayo ni mawe mita za ujazo 7 na kokoto tatu na nusu hivi.

Kuhusu kokoto kuna kosa ambalo karibu kila mtu analifanya, mi nikiwemo. Tunachukua kokoto ndogo za kujengea, nusu inchi, kwa sababu ndo zipo. Hizo zinanasa kwenye tope lililoko katikati ya kashata, trekta inaingia nazo ndani, sasa una tope na kokoto kwenye sakafu, ukikanyaga unateleza kama kwenye gololi. Chukua kubwa, inchi moja na nusu kwenda juu, na ziwe za kupasuliwa zenye kona, sio za mtoni zile za mviringo. Kona ndo zinachokonoa tope. Na moramu usiweke juu, watu wanapenda kumalizia na moramu ipendeze, lakini ile ina udongo wake, ikinyeshewa nayo inakuwa tope.

Njia iwe imeinuka kidogo kuliko ardhi ya pembeni, na mtaro kila upande. Maji yakisimama kwenye mawe umeshindwa.

Kama una vyuma chakavu unaweza kuongezea kitu kingine kabla ya mawe: shimo la kina cha sentimita 40, juu yake mabomba ya chuma mazito yamelala kukatiza njia, nafasi ya sentimita 10 hadi 12 kati ya bomba na bomba, kama kile kizuizi cha ng'ombe kwenye mashamba makubwa. Tairi likipita linatingishwa, kashata zinajikunja na kufunguka, tope linadondoka shimoni lenyewe. Inafanya kazi vizuri mno lakini mabomba yawe ya kubeba tani tatu na zaidi, yashikwe na mhimili wa zege au chuma kizito chini, sio ya kubahatisha. Na weka mbao pembeni ya kuvukia watu, mguu ukiingia pale unavunjika.

3. Sehemu ya kuoshea

Iwe karibu na mlango lakini sio mlangoni. Mi nimeacha mita 6, na nimeiweka upande ambao upepo unatoka gereji kwenda huko, sababu maji ya presha yanaruka na upepo ukigeuka yanarudi na tope ndani kwenye meza ya spana.

Vipimo nilivyotumia ni mita 4 kwa 6, unene sentimita 15, nondo za milimita 12 zimefumwa kila sentimita 20. Zege moja kwa mbili kwa nne, yaani saruji, mchanga, kokoto. Hiyo ni mita za ujazo 3.6, saruji mifuko kama 23, nunua 25 sababu fundi ujenzi na mifuko wanajuana wenyewe. Mteremko ni sentimita 2 kwa kila mita, kwa hiyo kwenye urefu wa mita 6 upande mmoja uko chini kwa sentimita 12. Usipige lipu ya kung'aa, burura ufagio mgumu juu ya zege bichi liwe na mikwaruzo, la sivyo mtu mwenye mabuti anaanguka chali. Limwagilie maji siku 7 bila kukosa, na trekta isipande kabla ya siku 28. Najua mtapandisha siku ya kumi, mi nimesema tu.

Pembeni jenga tuta dogo la matofali la kuzuia maji ya mvua ya uwanjani yasiingie, na maji ya bati yasidondokee hapo. Nitaeleza sababu yake kwenye hatua ya 5, ya shimo la tope.

Toka hapo mpaka mlangoni sio lazima umwage zege uwanja mzima. Mwaga njia mbili za tairi tu, kila moja upana wa sentimita 80, tairi lililooshwa lisiguse udongo tena. Pima nafasi kati ya matairi ya trekta unazopokea kwanza, mbele na nyuma, usije ukamwaga njia ambazo tairi la mbele linatembea kwenye majani.

Maji je? Mashine ya presha ya kawaida inakula lita 8 mpaka 10 kwa dakika, mpira wa bomba bila presha unakula mara mbili ya hapo na hauondoi tope vizuri. Kama huna bomba, banda la bati lenye eneo la mita za mraba 60 likipata mvua ya milimita 10 ni lita 600, toa zinazopotea una 500, na msimu wenye tope ndo huohuo wenye mvua, kwa hiyo tanki la lita 1,000 chini ya gata linajaa lenyewe.

4. Kuosha kwenyewe

Trekta ikifika usiimwagie maji papo hapo. Injini iwe imepoa, chuma cha moto cha manifodi (pale moshi unapotokea kwenye injini) kikimwagiwa maji baridi kinaweza kupasuka, na hapo ulikuwa unafanya usafi. Wakati inapoa, kwangua tena kwa mkono. Kila koleo moja la tope unalolitoa likiwa zima ni koleo moja ambalo halitaingia kwenye shimo lako.

Tope lililokauka usiligonge kwa nyundo. Lilowanishe, liache dakika 15 au 20, mfinyanzi unakunywa maji unavimba unaachia wenyewe. Watu hawana subira hapo, wanapiga presha nusu saa kwenye tope kavu, maji yanaisha tope linacheka.

Funga kwa mifuko ya nailoni altaneta, stata, mdomo wa eya klina na briza (vitundu vya kupumulia) za giaboksi na ekseli. Mfuniko wa tanki la dizeli hakikisha umekaza. Anza juu kushuka chini. Chini ya madigadi ndo usipasahau, nimeshawaambia kwa nini, lala chini kabisa uangalie kwa tochi. Kwenye sili za magurudumu, sili za ekseli na viungo usielekeze presha karibu, kaa mbali nusu mita au tumia brashi, maji yakipita sili yanaingia kwenye beringi na wiki mbili baadaye unaletewa kesi. Rejeta osha kwa presha ndogo toka upande wa feni kwenda mbele, mapezi yake yanalala kama majani ukiyapiga kwa nguvu.

Ukimaliza isogeze mbele na nyuma, tairi lizunguke mara moja kamili, utaona sehemu iliyokuwa imekanyagiwa chini bado ina tope lake. Osha hiyo. Afu acha ichuruzike nusu saa, kama kuna jua hata robo saa. Piga grisi nipo zote, vile vichuchu vya kuingizia grisi, mpaka grisi mpya itoke, inasukuma maji nje. Na kanyaga breki mara kadhaa kabla hujaiingiza ndani, za kulowa zinadanganya, nisingependa uingie na ukuta.

5. Shimo la tope na oili

Hapa wengi wanaharibu, wanachimba shimo moja, linajaa tope mwezi mmoja, maji yanarudi juu. Fanya vyumba viwili vya matofali na lipu, kila kimoja mita moja kwa moja kwa moja. Maji yanaingia cha kwanza, tope linatua chini, maji ya juu yanamwagikia cha pili. Kwenye cha pili bomba la kutokea lenye inchi 4 liwekee elbo (kiwiko cha bomba) inayotazama chini, mdomo wake uzame sentimita 40 chini ya usawa wa maji. Oili inaelea juu, kwa hiyo bomba linavuta maji ya katikati, oili inabaki ndani. Unaichota kwa kopo unaweka kwenye dumu la oili chafu.

Sasa ndo maana maji ya mvua yasipite humo. Mvua kubwa moja inavuruga kila kitu, oili yote inasombwa nje. Na huku kwetu bonde lenyewe ni ardhi oevu iliyoorodheshwa kimataifa chini ya Ramsar, mkataba wa kulinda ardhi oevu, mwaka 2002, mtaro wako unaishia mtoni, mtoni kuna perege.

Maji yanayotoka usiyategemee yazame ardhini kama udongo wako ni mfinyanzi, yatakaa tu. Yapeleke kwenye mtaro mrefu wa nyasi. Chumba cha kwanza kizoe tope likifika nusu, usingoje lijae. Na tope hilo usimwage kwenye bustani ya mboga, lina oili na dizeli, litandaze sehemu yake pembeni. Funika vyumba vyote, watoto wanacheza kila mahali.

6. Mlangoni

Sakafu ya ndani iwe juu ya nje kwa sentimita 10 hadi 15 na mteremko mdogo wa kupandia. Kukatiza mlango wote weka mfereji mwembamba wenye wavu wa nondo nzito juu, unakamata maji ya mwisho yanayochuruzika. Ndani ya mlango tandika mkanda mzito wa mpira, ile mikanda chakavu ya kusafirishia mizigo viwandani, mita 5 ukipata. Hiyo kila jioni unaivuta nje unaipiga maji.

7. Ndani

Piga mstari wa rangi sakafuni. Upande wa mlango ni wa trekta, upande wa ndani ni wa injini zilizofunguliwa, pampu, haidroliki. Trekta haivuki mstari, na mtu mwenye mabuti ya shamba havuki mstari, hata awe mwenye trekta, hata awe mwenyekiti wa kijiji. Mwambie kwa heshima, "mzee wangu, karibu ukae hapa kwenye benchi", umwekee benchi kweli.

Kabla hujafungua kitu chochote, pitisha mkono juu yake. Yaani juu ya kile unachofungua, madigadi, sakafu ya dereva, chini ya siti. Kinachoweza kudondoka kidondoke sasa. Giaboksi ikishafunguliwa funika na kitambaa safi kila unapoondoka, hata unaenda kunywa chai.

Tope likiingia ndani pamoja na yote hayo, kuna wakati wake wa kulitoa. Likiwa bichi ukifagia unalipaka sakafu nzima. Likiwa kavu kabisa unalipeperusha likatua kwenye kila kitu. Lisubiri liwe kama ngozi, bado lina unyevu lakini halishiki kidole, likwangue kwa koleo bapa linatoka kama chapati. Mabaki mwagia pumba za mpunga zilizoloweshwa kidogo, huku kwetu zimejaa mashineni, afu fagia, pumba zinabeba vumbi lote. Ila zisikae karibu na beringi zilizo wazi, zinakwaruza, na zilizoloa oili zitoe nje siku hiyohiyo, usichanganye kabisa na kona ya kuchomelea.

8. Miguu ya watu

Watu wanaingiza tope zaidi ya unavyodhani, kwa sababu trekta inaingia mara moja na dereva anatoka na kuingia mara ishirini. Chomeka chuma bapa kwenye zege nje ya mlango, kimo cha sentimita 15, cha kukwangulia soli. Pembeni beseni la maji na brashi. Vijana wangu wana mabuti ya nje na viatu vya ndani vya kufunika vidole, kandambili nimepiga marufuku, spana namba 32 ikikudondokea kidoleni utanielewa.

Majembe, haro na matrela hayaingii ndani. Yana tope kuliko trekta yenyewe na asilimia kubwa ya kazi zake ni kuchomelea, unachomelea nje chini ya mti.

Kama hela ni ndogo

Anza na ubao wa kukwangulia, leo, hauna gharama. Afu chuma cha viatu. Afu njia ya mawe hata mita 5. Sehemu ya kuoshea ifuate msimu mwingine, na kabla hujaimwaga osha juu ya mawe hayohayo ya njia, mwisho wa mbali na mlango, maji yaelekezwe mtaroni.

Kila Oktoba kabla mvua hazijaanza, chokonoa kokoto kwa rato (jembe la meno), toa tope lililojishindilia katikati, ongeza tripu moja ya mawe pale palipobonyea, zibua mitaro, zoa vyumba vyote viwili mpaka chini. Mi mwaka jana niliruka hilo zoezi nikasema njia bado nzuri, Januari trekta ya kwanza ikakwama mita nne toka mlangoni kwangu, ikabidi niite trekta nyingine ije kuivuta, nayo ilikuja na tope lake.